Kina cha Kiingereza Kinaanzia Wapi

Ndugu washairi, walimu na watafsiri,

Tuanze na maneno mawili ya Kiingereza: "nation", taifa, na "motion", mwendo. Mshairi aliyelelewa na vina vya Kiswahili akiyaweka mwishoni mwa mishororo miwili, ataridhika kuwa ametimiza sharti. Herufi nne za mwisho ni zilezile, na silabi ya mwisho inasikika "shen" kwa yote mawili. Mwenye sikio la Kiingereza atasema hapo hapana kina, shairi ni guni, yaani lina kasoro ya vina. Kwake "nation" huoana na "station", na "motion" huoana na "ocean", bahari, ingawa ukiyaandika hayo mawili ya mwisho hayafanani kabisa.

Katika Kiswahili mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho na, ukiacha maneno machache ya mkopo, hauhami. Kwa hiyo mshairi wetu hana haja ya kuutafuta. Anaangalia silabi ya mwisho, konsonanti na irabu kwa pamoja: "-ta" kwa "-ta", "-ni" kwa "-ni". "Kata" na "paka" yanaishia kwa "a", lakini hakuna anayeyaita vina. Kiingereza kinapindua mambo mawili hapo. Kwanza, kina huanzia kwenye irabu ya silabi yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno, hata kama zinafuata silabi mbili nyingine. Pili, konsonanti inayotangulia irabu hiyo sharti iwe tofauti. Ile tunayoidai sisi ifanane, wao wanadai isifanane.

Sharti hilo la pili ndilo gumu zaidi kulikubali. "Leave", ondoka, na "believe", amini, yanaishia kwa "liiv" yote mawili, na mkazo wa "believe" uko hapo hapo mwishoni. Kwetu hicho ni kina cha kupigiwa mfano. Kwa Kiingereza ni sauti moja iliyorudiwa, na sikio halipati ile raha ya kusikia kitu kipya kikirudi mahali palepale. "Believe" linataka "receive" au "grieve". Ndiyo maana "pair" na "pear", au "flour" na "flower", yanayotamkwa sawasawa, hayahesabiwi kuwa vina kamili. Washairi wa Ufaransa ni tofauti: wao hukithamini kina chenye konsonanti ileile na kukiita kina tajiri. Katika jambo hili Kiswahili kiko karibu zaidi na Kifaransa.

Kila jozi ipitisheni katika mtihani huu. Tamka neno lote kwa sauti, usilisome kimya. Tafuta silabi inayopigwa kwa nguvu. Ukishindwa, fungua kamusi yenye matamshi, ambayo huweka kistari kidogo cha juu mbele ya silabi hiyo. Kata neno pale irabu ya silabi hiyo inapoanza. Kilichobaki hadi mwisho ndicho kina chenyewe. Kilinganishe na mabaki ya neno la pili, sauti kwa sauti, kisha geukia konsonanti ulizozikata uone kama zinatofautiana. Bila hatua hiyo ya mwisho, "leave" na "believe" yatakupita.

Chukua "present". Likiwa na maana ya zawadi, mkazo uko mwanzoni, na kina chake ni "-ezent": mwenzake ni "pleasant", la kupendeza. Likiwa kitenzi, kukabidhi, mkazo unahamia mwishoni, na kina ni "-ent" tu: sasa linaoana na "went" na "sent". Maandishi ni yaleyale, herufi kwa herufi, ila vina viwili visivyojuana. Anayetafuta vina kwa macho hawezi kuliona hilo.

Hapo ndipo linapotoka kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote katika mashairi ya Kiingereza ya wanafunzi wetu, na hata katika tafsiri za watu wazima. Viambishi tamati vya Kiingereza kama "-ing", "-ly", "-ness", "-tion" na "-er" havina mkazo, kwa hiyo haviwezi kubeba kina peke yake. "Running" na "singing" si vina. "Running" linaoana na "cunning", ujanja. "Singing" linaoana na "bringing". "Quickly" na "slowly" si vina pia. "Slowly" linaoana na "holy", takatifu, na "quickly" linaoana na "sickly". Ubeti wa mishororo minne inayoishia kwa "-ing" nne za namna hiyo unaonekana umepambwa ukiuangalia kwenye karatasi, ila ukisomwa hauna kina hata kimoja. Upo msamaha mmoja wa jadi: neno refu linaloishia kwa "y", kama "eternity", umilele, washairi wa Kiingereza wamelioanisha na "me" au "see" kwa karne nyingi, kwa sababu mapigo ya mshororo huipa silabi hiyo ya mwisho uzito kidogo. Utumieni msamaha huo kwa kiasi.

Sasa tusikie zile sauti ambazo Kiswahili kimetupa bure. Tazama "singer", mwimbaji, "finger", kidole, na "ginger", tangawizi. Herufi tano za mwisho ni zilezile, na hakuna hata mawili kati yake yanayooana. "Singer" lina ng' ya ng'ombe. "Finger" lina ng ya ngoma. "Ginger" lina nj ya njia. Watu wa lugha nyingine nyingi huhangaika miezi kuitofautisha ng' na ng. Anayezungumza Kiswahili ameitofautisha tangu utotoni, na anachohitaji ni kuambiwa tu ipi inaingia wapi. Neno lililotokana na kitenzi kinachoishia kwa ng' huibakiza ng': "sing" hutoa "singer", "hang" hutoa "hanger". Neno lisilotokana na kitenzi cha namna hiyo huchukua ng: "finger", "anger", "hunger". Vivumishi vinavunja kanuni hii, maana "young" lina ng' lakini "younger" lina ng, na kwa hiyo "younger" linaoana na "hunger". Huko Manchester na Liverpool wapo wanaotamka "singer" kwa ng ya ngoma, na kwao linaoana na "finger" vizuri kabisa. Msiwasahihishe.

Vivyo hivyo th na dh. "Breath", pumzi, linaishia kwa th ya thamani. "Breathe", kupumua, linaishia kwa dh ya dhahabu, na irabu yake ni "ii" ndefu. Hayaoani. "Teeth", meno, na "breathe" hayaoani pia, ingawa irabu ni ile moja.

Irabu ndizo zinazotunyima usingizi. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kwa hesabu ya kawaida kina sauti za irabu 20, yaani 12 za sauti moja na 8 zinazoteleza kutoka sauti moja kwenda nyingine. Sauti ishirini zikimiminwa katika vyombo vitano, vina vya uongo vinazaliwa kwa wingi. Maneno "hat", "hut", "heart" na "hurt" yote manne huishia kuwa "hat" midomoni mwetu. Dawa tunayoipendekeza ni kulipa kila neno ukoo wake na kuukariri kwa sauti, ukoo mmoja kwa siku: "hat, cat, mat, that"; siku ya pili "hut, cut, but, shut"; kisha "heart, cart, part, start"; kisha "hurt, shirt, dirt, skirt". Tazameni ukoo wa nne: herufi ya irabu inabadilika kutoka u kwenda i, na sauti haibadiliki hata kidogo. Mtu akishazijua koo hizo nne, hataweka "heart" na "hat" mwishoni mwa mishororo miwili akidhani ameoanisha. "Ship" na "sheep", "full" na "fool" yanatengenezwa kwa njia hiyohiyo.

Upande wa konsonanti, tabia mbili zinatuharibia. Ya kwanza ni kuongeza irabu mwishoni, kama "bus" lilivyokuwa basi. Neno la Kiingereza likiongezwa irabu, hata mkazo unasogea, na kina chote kinavunjika. Ya pili ni kutotofautisha sauti ghuna, zinazotetemesha koo kama z, na sighuna, zisizolitetemesha kama s, mwishoni mwa neno, jambo ambalo Kiswahili hakikutuzoesha kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. "Goose", bata bukini, linaishia kwa s. "Choose", chagua, linaishia kwa z. "Loose", lililolegea, huenda na "goose". "Lose", poteza, huenda na "choose". Hapo "loose" na "choose" yenye "oo" hayaoani, ilhali "lose" lenye "o" moja linaoana na "choose". Ukitaka kuzisikia tofauti hizi, sikiliza urefu wa irabu kuliko konsonanti yenyewe: irabu iliyo kabla ya sauti ghuna huvutwa zaidi. "Rise" ni refu kuliko "rice", "bag" ni refu kuliko "back". Msomaji akiivuta irabu vizuri, hata z yake ikiwa hafifu, msikilizaji atamwelewa.

Vimalizio "-ed" na "-s" navyo vinahitaji uangalifu, ingawa malipo yake ni mazuri. "-ed" ina sauti tatu. Baada ya konsonanti sighuna ni "t": "packed" linaoana na "fact", na "missed" linaoana na "list". Baada ya irabu au konsonanti ghuna ni "d": "tied" linaoana na "side". Baada ya t au d ni silabi kamili: "ended" linaoana na "mended". Anayetamka kila "-ed" kama silabi anapoteza nusu ya vina vya wakati uliopita. "-s" inafuata mkondo huohuo, na ndiyo maana "backs" huoana na "tax", na "tries" huoana na "prize".

Swali tunaloulizwa kila tunapofundisha haya ni kwa nini maandishi yasifuate sauti. Jibu liko katika tarehe. William Caxton alianzisha mtambo wa uchapaji huko Westminster mwaka 1476. Wakati huo irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa zimeshaanza kuhama, uhamaji uliochukua takriban miaka 300, kuanzia karibu mwaka 1400 hadi 1700. Wachapaji wakawa wanagandisha tahajia huku sauti ziko safarini, na maneno mengi yakaachwa na herufi za mahali yalipotoka.

"Food", "good" na "blood" yanaonyesha safari hiyo. Zamani yote matatu yalikuwa na "oo" ndefu kama ya choo, na yalikuwa vina halali. Irabu hiyo ikapanda, ikawa "uu". Kisha "blood", damu, likafupishwa mapema, na u yake fupi ikateleza pamoja na ile ya "cut" hadi kukaribia "a". "Good" likafupishwa baadaye, likabaki na u fupi. "Food" halikufupishwa. Leo "food" huoana na "mood", "good" na "wood", "blood" na "mud". Msomaji anayekuta shairi la karne ya 16 au ya 17 limeoanisha maneno ambayo leo hayaoani asiharakishe kumlaumu mshairi. Pengine siku ile yalioana.

Herufi "gh" zilikuwa na sauti yake: kh, kama wanavyoitamka wenye kuzingatia asili ya Kiarabu katika neno kheri. Sauti hiyo ilipokufa katika Kiingereza sanifu, katika maneno mengine ilitoweka, na katika mengine ikageuka f. Ndipo tukapata mwisho mmoja wa "-ough" wenye sura nyingi: "though" husikika "dhou" na kuoana na "go", "through" husikika "thruu" na kuoana na "blue", "tough" ni "taf", mwenzake "stuff", "cough" ni "kof", mwenzake "off", "bough", tawi, ni "bau", mwenzake "cow". Hakuna kanuni inayoweza kuyafundisha kwa mkupuo. Kila moja lifundishwe likiwa limeshikana na mwenzake wa kina, maana yule mwenzake ndiye anayebeba matamshi.

"Love", "move" na "drove" yana kisa kingine. "Love" lilistahili u. Waandishi wa mkono wa zama za kati waliandika u, n, m na v kwa vijiti vifupi vilivyosimama, na vijiti vingi vikifuatana vilikuwa vigumu kuhesabika. Wakaona heri waandike o. Ndivyo yalivyopata o maneno "son", "come", "some" na "love", yote yakitamkwa kwa sauti ya "cut". "Move" liliingia kutoka Kifaransa likiwa na irabu ndefu. "Drove" lilikuwa na "a" ndefu katika Kiingereza cha kale. Njia tatu zikakutana katika herufi tatu zilezile. Washairi wa Kiingereza wameendelea kuoanisha "love" na "move" wakikubali kuwa ni kina cha macho, yaani kinachofanana kwa maandishi tu, nasi hatuoni ubaya wowote ilimradi mwandishi anajua anachofanya.

Kwa walimu wa kusoma, habari ni nzuri kuliko inavyoonekana. Mwaka 1970 watafiti wawili wa Marekani, Richard Wylie na Donald Durrell, walionyesha kuwa miisho 37 tu hutoa karibu maneno 500 ya madarasa ya chini. Ni hii: ack, ail, ain, ake, ale, ame, an, ank, ap, ash, at, ate, aw, ay, eat, ell, est, ice, ick, ide, ight, ill, in, ine, ing, ink, ip, it, ock, oke, op, ore, ot, uck, ug, ump, unk. Mtoto akiujua mwisho mmoja anabadilisha konsonanti ya mbele tu. Fundisheni mwisho mmoja kwa maneno manne au matano, usomwe kwa sauti, kisha mtoto atunge jingine mwenyewe. Onyeni mapema kuhusu waasi. Wakubwa ni wale wenye w: "swan", "what", "wash" na "swap" yana "a" katika maandishi na o katika sauti, kwa hiyo hayaoani na "man", "cat", "cash" na "map". W hiyo haina nguvu mbele ya k na ng', na ndiyo maana "quack" na "swank" yanabaki katika ukoo wao. Waasi wengine wanakaririwa mmoja mmoja: "great" na "sweat" hayaendi na "eat", "weight" haliendi na "night", "machine" haliendi na "line".

Uamuzi mmoja unatangulia yote haya: unatumia lafudhi ipi? Kusini mwa Uingereza r ya mwisho wa neno haitamkwi, kwa hiyo "saw" huoana na "more". Kwa Wamarekani walio wengi hayaoani. "Clerk", karani, huoana na "park" Uingereza na "work" Marekani. "Pass" huoana na "gas" Marekani, na London hayaoani. Kuchanganya lafudhi mbili ndani ya shairi moja kunamfanya msomaji ajikwae popote atokapo.

Vyombo vya kutafutia vina navyo vina lafudhi yake. Mwaka 1775 John Walker alitoa kamusi iliyopanga maneno kwa kufuata herufi za mwisho, kwa hiyo inakusanya maneno yanayofanana kwa macho, na msomaji inambidi achuje. Programu nyingi za leo hutumia kamusi ya matamshi ya Carnegie Mellon University yenye maneno zaidi ya 130,000. Hiyo huandika sauti za kila neno, na kila irabu ina tarakimu: 1 kwa mkazo mkuu, 2 kwa mkazo mdogo, 0 kwa isiyo na mkazo. Programu inakata kwenye irabu ya mwisho yenye mkazo na kulinganisha mabaki, ule mtihani wetu wa mwanzo. Kasoro zake mbili mzijue: matamshi yake ni ya Kimarekani, na programu nyingine hazikagui konsonanti inayotangulia, kwa hiyo "leave" na "believe" zitakuletea kama vina.

Yapo maneno ambayo programu haitayapatia kitu. "Month" halina mwenzake kamili. "Silver" lina "chilver", kondoo jike mdogo, neno ambalo Waingereza wengi hawajawahi kulisikia. "Orange" lina Blorenge, jina la kilima huko Wales. Ukilikuta neno la namna hii mwishoni mwa mshororo unaoutafsiri, usipoteze siku nzima ukilitafutia mwenza. Lirudishe ndani ya mshororo, upande wa ukwapi, yaani nusu yake ya kwanza, ukageuze mpangilio wa sentensi hadi neno jepesi kama "light", "day" au "stone" liangukie mwishoni, kisha anza kutafuta kina kutoka hapo.